Mashati Meusi Kwenye Ubao wa Mwanangu

Nilimwonea wivu mwanamke wa karibu miaka tisini ambaye nilikuwa namwogesha mwenyewe. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka jambo hili.

Alikaa Eden Prairie, huku ughaibuni, nami niliajiriwa kumtunza mchana. Baba yake, Mwitaliano, alikuwa ofisa wa wanamgambo wa mashati meusi, wale waliomtumikia dikteta wao na kwenda kupigana Uhabeshi. Ukutani sebuleni ilining'inia chati ya jeshi hilo, aliyoichora baba yake kwa mkono. Vikosi vitatu vidogo vilifanya kimoja kikubwa, vitatu vya hivyo vikafanya kingine, hivyo hivyo mpaka kikosi kikuu, legioni, kila ngazi na kamanda wake. Kamanda wa legioni aliitwa konsuli, kama enzi za Roma ya kale. Juu kabisa alikaa dikteta. Baba yake alikuwa akida, kama wale wa kwenye Biblia, na jina lake lilipigiwa mstari mwekundu.

"Alichoma vijiji," bibi yule aliniambia siku ya kwanza. "Nimeitundika nisije nikaanza kumtetea."

Babu yangu, baba wa mama, alikuwa askari upande wa Waingereza, akapigana na watu hao hao, huko huko. Nilichojua ni kwamba alichechemea. Basi. Kwetu aliyerudi kutoka vitani hahojiwi. Unangoja aseme mwenyewe, na asiposema unanyamaza, unaita hiyo adabu. Nilinyamaza mpaka tukamzika.

Sasa binti yangu wa miaka kumi na minne akapewa kazi ya shule: atengeneze ubao wa maonyesho kuhusu familia moja na vita. Jumamosi nilikuwa naenda naye kazini, akamchagua bibi yule. Wakawa wanakaa kochi moja, wameinamia chati, wanacheka, mimi niko jikoni naponda viazi. Baada ya wiki tatu alitaja ngazi zote toka chini hadi juu bila kukosea. Lakini kuhusu babu yangu, hakujua hata kwamba alichechemea.

"Kwa nini si familia yetu?" nilimwuliza garini tukirudi nyumbani Columbia Heights.

"But Mum, sisi hatuna kitu," akasema. "Hata rank ya babu yako you don't know."

Nikaongeza sauti ya redio. Roho iliniuma kweli. Nilimchukia yule mama wa watu kwa kuwa na baba muuaji ambaye angalau ana cheo. Jumamosi iliyofuata nilimchana bibi yule nywele kwa nguvu mpaka akaguna. Nikaomba radhi, radhi ya mdomoni tu.

Asubuhi ya maonyesho nilikwenda shuleni nimekunja mikono. Chati ilikuwepo, nyeusi tii, na konsuli wake na akida wake. Lakini mkabala na akida, upande wa pili wa ubao, palikuwa na kisanduku kimoja. Babu. Koplo. Alipigwa risasi mguu wa kushoto darajani, akiwa amembeba rafiki yake mgongoni. Rafiki alikufa hapo hapo mgongoni. Chini yake, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mwanangu: *Alilala na taa ikiwaka mpaka alipokufa.*

Taa ile naikumbuka. Nilidhani ilikuwa yetu sisi watoto.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa nyanya. Nilimpigia simu, many times."

"Mkaongea lugha gani?"

"Kiswahili," akasema, akinishangaa.

Mimi, mamake, amenijibu kwa kuchanganya Kiingereza miaka yote.

Nikatoka nje kwenye maegesho, nikampigia mama. Huko Voi ilikuwa jioni, anapika. Sikumsalimia vizuri.

"Mama, mbona haya ya babu hukuniambia mimi?"

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini.

"Mjomba wako hakuuliza, wewe hukuuliza. Nilikuwa nangoja, mwanangu. Nikadhani hamtaki kujua."

Nilitaka kumweleza kuhusu adabu. Nilitaka kumwambia kwamba nami nilikuwa nangoja, miaka arobaini.

"Uko naye hapo?" mama akauliza, na sauti yake ikachangamka. "Hebu nipe mjukuu wangu. Kuna kitu nilisahau kumwambia."

Nikarudi ndani nikampa simu, nikasimama kando yake nikisikiliza.