Vyeti Vitano vya Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa chumba cha seva katika ofisi ya maji, na miaka yote hiyo hakuwahi kuiamini taa ya kijani. Taa ikiwaka, yeye bado huushika waya na kuuvuta kidogo, kama mzazi anayempima joto mtoto aliyesema amepona. Wenzake wakambandika jina la Mama Waya, naye akalipokea.

Sasa chumba kile kilikuwa kinafungwa. Kumbukumbu zote za wateja zilikuwa zinahamia kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zilizo mbali, na meneja alishatangaza kwamba kati ya mafundi sita watabaki wawili. Kila mmoja aandike, kufikia Ijumaa, vyeti alivyo navyo na anavyosomea.

Jumatano jioni shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaja na orodha kutoka chuo anachofundisha.

"Vyeti vitano, shemeji. Wiki sita tu! Usalama, hifadhidata, akili bandia, vyote humo."

"Wiki sita? Mimi mitandao peke yake ilinila mwaka."

"Wewe ulisoma enzi za jembe."

"Na lilikuwa linalima."

Aliisoma karatasi mara mbili. Chema chajiuza, alijisemea. Mbona hiki kimekuja hadi sebuleni kwa miguu yake? Akaweka laptopu mezani.

"Wewe unavyo vyote vitano, sivyo? Basi niwashie mashine moja huko kwenye wingu. Halafu funga milango yake yote ya mtandao, ubakize mmoja wa kuingilia mimi tu."

Shemeji akakunja mikono ya shati. Akafungua ukurasa, akapanda nao juu, akashuka nao chini. Akarudia tena, bila kubofya kitu.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Machaguo."

"Machaguo gani?"

"Kwenye mtihani swali hili lilikuwa na majibu manne." Alijifuta jasho. "Jibu lilikuwa C."

Kumbe chuoni walikuwa wanakariri maswali yaliyovuja, mwalimu na wanafunzi pamoja. Mama Waya hakucheka. Kilichomtia baridi ni kwamba vyeti vyenyewe vilikuwa halali, vyenye mihuri, na mafundi wenzake watatu walikwisha kujiandikisha chuoni hapo. Meneja angeona nini zaidi ya mihuri?

Ijumaa akaingia ofisini na fomu yenye mstari mmoja mpya chini ya cheti chake cha zamani cha mitandao: cheti cha wingu alichoanza kusomea.

Meneja aliitazama kama anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Wenzako wameandika vinne, vitano. Wewe kipya kimoja tu?"

"Mtihani wake hauna machaguo, bosi. Wanakupa mashine iliyoharibika, wanakuangalia ukiitengeneza. Ndiyo maana nimeukubali."

"Na ukishindwa?"

"Utajua siku hiyo hiyo. Wale wa vyeti vitano, utajua siku mji mzima utakapokosa bili za maji."

 Meneja akafungua droo, akaiacha kalamu ya wino palepale ilipo, akachukua penseli inayofutika, na kuandika jina la Mama Waya kwenye ya pili kati ya zile nafasi mbili za kubaki.

"Mtihani lini?"

"Baada ya wiki tisa."

"Basi wiki tisa."

Mama Waya alifika mlangoni, akageuka. "Na yule wa nafasi ya kwanza, bosi, umemwandika kwa wino au kwa penseli?"

Meneja aligeuza karatasi ikatazama chini.