Ulezi wa Pipa la Mama

Mama yangu Mektrida alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na pale Mwika ukisema mpika mbege bila kutaja jina, watu walijua unamsema yeye. Ndizi alizikata kihambani kwake, kwenye migomba iliyozunguka nyumba. Ulezi aliulima mwenyewe kwenye shamba la chini, huko tambarare, saa mbili za kushuka na tatu za kupanda na mzigo kichwani. Akishauvuna aliulowesha mpaka ukaota, akauanika, akausaga, kisha akauchanganya na ndizi alizozichemsha na kuziacha zichachuke. Jumamosi mchana wazee walijaa uani, kila mmoja na kata yake ya kunywea mkononi, na vicheko vyao tulivisikia tukiwa bado mtoni tunachota maji.

Nikimkumbuka, namwona amefunga kanga kifuani, anamwambia mtu mzima mwenye wajukuu kwamba kunywa kumetosha, aende nyumbani. Nao walimtii. Mama hakuwa na subira na mlevi hata kidogo, jambo la ajabu kwa mtu wa kazi yake.

Halafu serikali ikaruhusu biashara huria. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa kila kitu, kreti za bia zikapanda mlima kwa pikapu, na wanaume wakaanza kuona aibu kushika kata. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, Jumamosi ya mama ilikuwa na wazee watano, baadaye watatu, na mwishowe Mzee Sirili peke yake, jirani yetu, ambaye alikuja hata siku ambazo hakuna mbege. Mama akaacha kupika. Ulezi wa mavuno yake ya mwisho aliujaza kwenye pipa la bati, akalifunika na kuliweka kwenye kona ya jiko. Tulipomuuliza ni wa nini, alisema ulezi hauharibiki, tumwache.

Mimi wakati huo nilikuwa Njoro, Moshi mjini, nafuga kuku wa nyama. Mama aliwadharau waziwazi. Alisema kuku anayechinjwa ana wiki saba hana hata muda wa kujua kwamba yeye ni kuku. Lakini aliposikia parokia yetu ya Mwika imeniagiza kuku mia moja wa sherehe ya kipaimara, aliwatangazia majirani wote mpaka nikaona haya.

Mwaka huo, tisini na saba, mvua ziligoma. Vifaranga wangu walikuwa na wiki tatu mahindi yalipotoweka sokoni. Nilikwenda mpaka Sanya Juu na gunia tupu, nikarudi nalo likiwa tupu vilevile. Mashudu nilikuwa nayo, pumba na dagaa pia, lakini kuku wa nyama bila nafaka hakui, anasimama tu anakutazama. Bwana mifugo akaniambia nisihangaike na mahindi, nitafute mtama au ulezi. Aliposema ulezi sikumsikiliza tena. Nilikuwa nimeshaliona pipa.

Nilipanda Mwika siku hiyo hiyo. Mama alinisikiliza huku anamenya ndizi, bila kuinua kichwa, mpaka nikamaliza.

"Dominika, huo ulezi ni wa siku yangu," akasema. "Siku nikifa, watu wangu wanywe mbege yangu, wasinywe vitu vya chupa."

Mtoto mwenye adabu angeomba msamaha akarudi mjini. Mimi nilibishana. Nilimwambia hafi leo wala kesho, mvua zitarudi, nitamrudishia pipa zima tena la kufurika. Nikaongeza, na hili linaniuma mpaka leo, kwamba siku hiyo ikifika hatakuwepo hata mmoja wa kuipika.

Mama aliweka kisu chini. Alikwenda kwenye kona, akafunua pipa, akachota ulezi kiganjani na kuutafuna kidogo kwanza, kama alivyokuwa akionja mbege kabla ya kumpa mgeni.

"Chukua," akasema. "Ila uuparaze, usiwape mzima."

Kuku walikua. Walichelewa wiki moja, lakini siku ya kipaimara hakuna aliyelalamika. Mama alikaa mbele na sahani mapajani, akila kidogo sana. Muda wote alikuwa anawaangalia watu, anauliza nani hajapata, anaagiza Mzee Sirili aongezewe paja. Nilidhani anajivunia mimi.

Mvua zilirudi. Pipa sikulirudisha. Kila mwaka nilisema msimu ujao, na kila msimu kulikuwa na vifaranga wapya wa kuhangaikia. Mama hakunikumbusha hata mara moja, na ukimya wake niliuchukua kama ruhusa. Alifariki mwaka elfu mbili na mbili, mwezi wa nane.

Tulimzika kihambani, karibu na migomba yake. Watu walikuwa wengi, na kreti nilizonunua mimi mwenyewe zilipangwa uani pale pale walipokuwa wakikaa wazee wake. Mzee Sirili alishika chupa yake bila kuifungua. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza ulezi wa Mektrida umekwenda wapi, maana mama alimwambia habari za lile pipa.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule. Sikujitetea. Nilingoja anigombeze, na nilitaka anigombeze.

"Wale kuku wa kipaimara?" akauliza.

Nikasema ndio hao.

"Basi matanga yake tulishakula," akasema, "naye amekaa pale anatuangalia. Yeye alijua. Sisi ndio hatukujua."

Nikakaa chini kando ya kreti, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mama afariki.