Kizibo cha Chupa ya Osniel

Tangu asubuhi Eudaldo alikuwa amepiga magoti barazani kwake, katika mtaa mmoja wa mji wa Santiago de Cuba, mikono imelowa oili hadi viwikoni. Mbele yake pikipiki kuukuu aliyorithi kwa baba yake ilikuwa imefumuliwa ubavu. Kile kigari cha pembeni anachokalia mkewe, Nereida, kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

Klachi ilikuwa imekwisha. Injini ilinguruma vizuri, lakini mlimani nguvu haikufika gurudumuni, na hospitali anakosafishiwa damu Nereida iko juu ya mlima. Safari iliyopita walikwama katikati, mama wa watu akapanda kwa miguu, kisha akaketi ukingoni mwa barabara akihema, uso umekuwa wa kijivu. Kesho alfajiri alitakiwa huko tena.

Spea ya pikipiki ya umri ule haiuzwi popote. Wenye pikipiki kama hizo hutoboa sahani za klachi, wakashindilia vizibo vya chupa za mvinyo, vile vya gome la mti, katika matundu, wakavisugua kwa msasa mpaka viwe sawa, kisha wakaviloweka kwenye oili. Mtaa mzima ulikuwa umechanga vizibo, na bado tundu moja lilibaki wazi. Likibaki hivyo, sahani haishiki sawasawa.

Jirani yao Wilfre, mhudumu wa baa hotelini, akaleta kizibo mfukoni.

"Mzee, pikipiki hii imekunywa kuliko marehemu baba yako," alisema.

Kizibo kile kilikuwa kizuri mno, laini, rangi moja pande zote. Kidole cha Eudaldo kilihisi kwamba hakikutokana na mti. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, naye alitaka sana kumaliza. Akakishindilia, akafunga kila kitu, akatoka kuijaribu.

Hakufika kona ya pili. Harufu ya plastiki inayoungua ikampanda puani, klachi ikateleza, akairudisha pikipiki kwa kuisukuma. Alipoifungua, kizibo kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa.

"Wilfre, umenipa plastiki."

"Hotelini siku hizi ndivyo vilivyo, mzee wangu. Mimi ni mhudumu, si mti."

Eudaldo hakucheka. Alikwangua ule uchafu kwa kisu, na macho yake yakaenda tena pale yalipokuwa yakienda kwa wizi tangu asubuhi: rafuni, chini ya picha ya Bikira, kwenye chupa ya mvinyo. Osniel, mwana wao wa pekee, aliinunua kwa mshahara wake wa mwisho kabla ya kwenda ng'ambo. Aliagiza isifunguliwe mpaka atakapoingia mlangoni. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Sasa Jumapili nyingi zilipita kimya.

Nereida aliyaona macho yale. Akainuka kwenye kiti chake cha kubembea, akaichukua chupa.

"Hiyo hapana," Eudaldo alisema. "Nitaenda kuulizia kwingine."

"Kwa nani? Watu wote wameshatoa."

"Ni ya mtoto."

"Na mimi ni mama yake. Akirudi atataka kunikuta mimi au mvinyo?"

Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo. Alimwaga tone pembeni mwa mlango kwa ajili ya watakatifu, kama ilivyo desturi, akaiziba chupa kwa gunzi la muhindi na kuirudisha mahali pake. Kisha akaketi kuelekea ukutani. Eudaldo alikikata kizibo kile polepole, mwisho wake ukiwa na doa jekundu, kwa hofu ya kukiharibu.

Alfajiri, mlima ulipoanza, alisikiliza injini kuliko alivyopumua. Pikipiki ilipanda. Walipita pale alipoketi Nereida safari ile, wakaendelea mpaka lango la hospitali.

"Imeshika?" aliuliza Nereida kutoka kwenye kigari.

"Imeshika, mama."

Alishuka taratibu, akaushikilia mkono wa mumewe ulionuka oili.

"Akipiga simu, usimwambie," alisema. Akatazama chini. "Akipiga."