Inchi Moja ya Upindo

Mama fundi ninayewasimulia ndiye aliyeshona bendera za mezani, siku serikali yetu ilipoziita nchi mbili jirani zilizokuwa zikipigana zije kupatana kwetu. Sisi si wakubwa, lakini tulikuwa tunasikilizana na zote mbili. Bendera alizipima sawasawa, kwa futi ileile.

Basi asubuhi ya kutia saini akaitwa mbio. Bendera moja ilikuwa imeizidi mwenzake inchi nzima, na wajumbe wa upande wa pili wamegoma kuketi.

"Fundi, umetuaibisha," afisa wa itifaki akamnong'oneza.

Mama akaigeuza bendera, akaona matundu ya sindano ukingoni. Damu ikamchemka. "Sijakosea mimi. Upindo umefumuliwa, ukapigwa pasi."

"Taratibu, dada. Hawa ni wageni."

"Binti yangu ameolewa kule kwao. Leo siku ya tisa analala chini ya kitanda na wanawe kwa ajili ya mabomu. Na hawa watu wazima wanashindania upindo?"

Akavuta kiti kwenye meza kuu, akawashikisha mabalozi wa pande zote mbili kitambaa, mmoja huku, mmoja kule, akaushona upindo upya kwa mkono.

"Vuta, baba, usilegeze," akamkaripia balozi mwenye bendera ile iliyozidi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Akakata uzi kwa meno. "Haya, ketini mtie saini."

Wakaketi. Yeye hakungoja picha; alitoka kumpigia bintiye simu.