Viti Kumi na Viwili vya Jumatano

Mume wa dada yangu ni fundi wa kupaka vanishi. Mimi ni seremala. Nikimaliza kabati, yeye hulisugua kwa msasa na kulipaka mpaka mtu anajiona uso. Tumekuwa karakana moja miaka kumi na tisa, na mingi kati ya hiyo alikuwa mlevi. Vanishi yetu huchanganywa na spiriti, na kulikuwa na miezi ambayo spiriti iliisha upesi kuliko vanishi. Sikumuuliza. Dada akitaka kujua kwa nini mumewe anachelewa, nilimjibu kazi ni nyingi.

Siku dada alipochoka hakupiga kelele. Alimpangia nguo kwenye begi, akamwambia mbele yangu, "Baba watoto, kuna watu wanakutana ili waache pombe. Kaa nao miezi sita bila kuonja. Halafu mmoja wao aje anieleze hapa mlangoni kwa mdomo wake. Wewe nimekusikia vya kutosha."

Shemeji akahamia karakana, akatandika godoro nyuma ya mbao.

Kuwapata watu hao kulimtoa jasho, maana hawaweki kibao. Muuguzi wa zahanati alimwelekeza jengo moja, mlango wa tatu. Akaingia wa pili, akakuta kina mama na cherehani zao. Akaona haya kutoka, akakaa saa nzima. Alirudi na kipande cha kitambaa mkononi.

"Shemeji, leo nimejifunza kupiga upindo," akaniambia. Tulicheka mpaka nikaweka randa chini.

Wiki iliyofuata aliupata mlango wenyewe. Walikuwa kumi na mmoja, yeye wa kumi na mbili. Mkubwa wao aliwahi kuendesha malori, wakamwita Dereva. Alikuwa na miaka minne hajaonja, na ufunguo wa chumba alikaa nao yeye. Kila Jumatano saa kumi jioni kila mtu alitaja siku alizokaa bila kuonja, na wenzake wakaitikia, "Tumesikia." Basi.

Shemeji alipotaja siku tisa, Dereva alimwambia, "Mimi siku ya tisa nililamba chupa ya dawa ya kikohozi. Umenipita, fundi."

Ni Dereva aliyeahidi kwenda kwa dada miezi sita ikitimia. Alisema atavaa koti.

Karakanani nikawa nachanganya vanishi mimi, na spiriti naifungia kabatini. Mwezi wa tano ulipoisha shemeji alikuwa amenenepa kidogo. Akataka kuwashukuru wenzake. Viti vyao vilikuwa vibovu, vinachana suruali. Jumanne asubuhi Dereva alituachia ufunguo. Mimi nikakaza miguu ya viti, shemeji akasugua na kupaka vanishi mikono mitatu. Tulipomaliza tulifunga madirisha yote, kwa sababu vumbi likigusa vanishi mbichi kazi imeharibika. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Pua zetu zimezoea, hatukufikiria lingine.

Jumatano nilikwenda naye ili nione wakifurahi. Dereva akapokea ufunguo wake, akafungua mlango, na harufu ya spiriti iliyolala humo usiku kucha ikatupiga usoni. Watu walisimama pale pale nje. Mama mmoja akajiziba pua kwa mtandio.

"Nani amekunywa humu?" akauliza.

"Ni vanishi," shemeji akasema. "Ni viti tu."

Dereva akavuta hewa ndefu kwa pua. Kisha akacheka kidogo. "Fundi, umetuletea baa mpaka nyumbani." Akaweka ufunguo juu ya kiti kilichokuwa karibu, akasema anakwenda kununua sigara. Hakurudi.

Tulimpata Jumamosi kwenye baa ya karibu na maegesho ya malori, amevaa shati lile lile la Jumatano. Shemeji alibaki nje, nikaingia mimi, nikasimama kando ya meza nisijue pa kuweka mikono.

"Viti vimependeza sana," Dereva akaniambia. "Mwambie fundi asijilaumu. Pua yangu ina kumbukumbu kuliko kichwa."

Jumatano iliyofuata walikuja saba. Baadaye wanne, kisha wawili. Mwishowe akabaki shemeji na ufunguo.

Miezi sita ilipotimia nilijikaza, nikaenda mwenyewe kwa dada. Nikamwambia hajaonja hata tone.

"Wewe ni mmoja wao?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Na zamani uliniambia kazi ni nyingi."

Akaufunga mlango polepole, bila hasira.

Shemeji bado hufungua chumba kila Jumatano. Kwanza anafungua madirisha, kisha anafuta viti vyote kwa kitambaa, ingawa hakuna aliyevikalia. Juzi nilikwenda nikakaa naye. Saa kumi ilipofika alikaa wima, akatazama mbele.

"Siku mia mbili na nne," akasema.

"Tumesikia," nikajibu.

Akageukia viti vilivyokuwa vitupu.

"Shemeji, bado vinanuka?"

Nilimwambia havinuki tena. Akainama kwenye kiti kilicho kando yake, akaweka pua kwenye egemeo la kiti. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko wa mtu anayetaka kujua tu kama kinanuka.