Puto Juu ya Shamba la Mjomba

Nilirudi Ifakara na diploma ya elektroniki niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo Kariakoo. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika hapo, na sikuchoka kuwakumbusha. Nilikuja pia na kidude cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachonasa mawimbi ya redio. Nilimwambia mjomba kwamba watu wa hali ya hewa hurusha puto lenye redio, na nikilinasa nitamtajia siku ya mvua.

Majirani walipanda mpunga kwenye udongo mkavu, kama bonde zima la Kilombero lifanyavyo. Mjomba alizuia mbegu zake.

"Nyie bahatisheni," aliwaambia. "Mimi nina mtaalamu wangu."

Wiki tatu nilisikia mvumo mtupu. Nilifunga antena ya waya wa shaba juu ya mwanzi, nikaigeuza kila upande. Mvua ikaja bila kuniuliza. Mto ulipofurika, mpunga wa majirani ulikuwa umefika magotini. Wa mjomba, uliochelewa kupandwa, ulizama ukiwa na urefu wa kidole.

Alasiri ya siku hiyohiyo puto likasikika. Namba zilijaa kwenye skrini. Nilimwita mjomba kwa kelele; naamini nilikuwa wa kwanza kulinasa Kilombero nzima. Alikuja na matope hadi mapajani.

"Linasemaje, mtaalamu?"

Nikasoma. Lilikuwa linapima hewa ya pale lilipo, basi. Habari za kesho halikuwa nazo.

"Liko juu sana, mjomba. Huko ni baridi."

Alitazama maji yaliyofunika shamba.

"Hata huku," akasema.