Injini Iliyoponywa kwa Machozi

Watu huniambia nisamehe, ni mambo ya zamani, tena ni televisheni tu. Sisamehi ng'o! Kile kipindi cha meli ya angani kilitudhalilisha.

Zilikuwa enzi za ruksa, soko huria lilipofunguliwa nchini. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba mdogo kilikuwa kimefungwa kikisubiri mnunuzi, na kiinua mgongo chake kikaishia kwenye televisheni, ya kwanza mtaani kwetu Mwembesongo. Mama mdogo, aliyekuwa akiuza maandazi, alinuna mwezi mzima. Kila Jumapili alasiri sebule ilijaa: watoto mkekani, mafundi wenzake baba mdogo walioachishwa kazi kwenye viti, na mimi wa kidato cha tatu, nikishawaamkia wakubwa, kwenye kigoda kando ya kioo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kiingereza. Nilichokielewa nilikitafsiri, nisichokielewa nilikitunga, na hakuna aliyelalamika.

Wenzetu walipenda viumbe wenye macho matatu. Baba mdogo alimpenda fundi wa meli peke yake, kwa sababu alishika spana. Basi Jumapili moja injini ikazimika huko angani, abiria wakaanza kuishiwa pumzi, na kipindi kikakatizwa hapo hapo hadi Jumapili ijayo. Baba mdogo akaichora ile injini kwa chaki nyuma ya mlango, akawaita wenzake.

"Hiyo ni pampu ya mafuta," akatangaza. "Wataifungua, mtaona."

Mmoja wao, mtu wa mzaha, akacheka. "Fundi wa mashine za kufumia, meli ya mbinguni utaijulia wapi wewe?"

Baba mdogo alikasirika kweli. Tangu kiwanda kifungwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza lolote kuhusu mashine, na hilo lilimuuma kuliko njaa. Wiki nzima aliomba ugonjwa uwe pampu.

Jumapili ikafika na mvua kutoka milima ya Uluguru. Picha ikawa inachezacheza, yule wa mzaha akatumwa nje kushikilia mlingoti wa antena. Fundi wa angani akaingia chumba cha injini, baba mdogo akasogeza kiti. Yule bwana akatoa spana, akaitazama, akaiweka chini! Akamshika mchumba wake mikono, akaanza kulia. Alilia, jamani! Wakakumbushana utoto, wakasameheana, wakaachana, wakakumbatiana tena. Abiria waliokuwa wakifa kwa kukosa hewa wakapata hewa ya kuimba.

"Anasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Anasema anampenda."

"Na pampu?"

"Bado."

Robo saa ikapita. "Sasa anasemaje?"

"Bado anampenda."

Nilimtazama usoni, huruma ikanishika, nikadanganya. "Anasema tatizo ni pampu ya mafuta. Waifungue."

"Si niliwaambia!" Baba mdogo akajipiga paja.

Palepale chozi la yule mjinga likadondokea injini, ikawaka. Hakuna aliyegusa hata nati. Mafundi wote wakanigeukia mimi. Watoto wakapiga makofi, na mama mdogo, aliyesimama mlangoni, akaangua kicheko.

"Kumbe dawa ni machozi! Na wewe masanduku ya spana uvunguni ya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mdogo hakunigombeza. Aliinuka, akazima televisheni, akachukua kitambaa akaanza kufuta mchoro wa mlangoni, polepole, kuanzia kwenye pampu.

"Vipi, picha imetulia?" yule wa mzaha akapaza sauti huko nje mvuani.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, mgongo wake ukitutazama, "siku wanafunga lango la kiwanda tulilia sote. Wanaume wazima, tumezishika zile mashine kwa mikono. Mbona hazikuwaka?"